Inspekta Jenerali wa Polisi nchini Uganda: Historia ya Cheo na Lugha Iliyofuatana Nacho

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika mkutano wa wazazi wa shule niliyokuwa nikifundisha, mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo sijalisahau hadi leo. Alisema kwa Kiganda, tena kwa sauti ya upole: "Mwalimu, sina ugomvi nawe. Lakini lugha hiyo unayowafundisha watoto ni lugha ya askari. Je, mnataka watoto wetu wawe askari?" Wazazi wengine wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilieleza habari za biashara ya Afrika Mashariki, za mitihani na za ajira. Mama yule akaketi, lakini usoni mwake niliona dhahiri kwamba sikumjibu alichouliza.

Sidhani kama yuko mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda ambaye hajakutana na swali hilo kwa namna moja au nyingine. Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa njia ya historia. Nimekichagua cheo kimoja tu, yaani cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi, kwa sababu mbili. Kwanza, cheo hicho ndicho kilele cha jeshi ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa makazi ya Kiswahili nchini humu, hata wakati ule shule zilipokifungia milango. Pili, habari za watu waliokikalia kiti hicho zinatuonyesha jambo kubwa: wananchi wa Uganda hawakukichukia Kiswahili kwa ajili ya ngeli zake wala misamiati yake. Walikiogopa kwa ajili ya yale waliyoamriwa na kutendewa kwacho.

Maneno yenyewe

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kuanza na maneno. "Polisi" na "inspekta jenerali" ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiingereza pamoja na kazi yenyewe. Cheo hicho kilikuja kwa meli na kwa reli, kikiwa kimekwisha kushonewa sare yake. "Askari" ni neno la Kiarabu lililokaa pwani yetu kabla ya Waingereza kufika, nalo hapo zamani lilimhusu mwenye silaha yeyote anayemtumikia mkubwa. Neno "afande" lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni heshima ya Waturuki, "efendi", ambayo ilipita Misri na Sudan, ikaletwa kwetu na wanajeshi waliotoka kaskazini, na leo konstebo wa Kampala, wa Nairobi na wa Dar es Salaam wote humwita mkubwa wao "afande".

Hebu tutazame maneno haya kwa pamoja. Hakuna hata moja lililozaliwa kijijini. Kila moja lilikuja pamoja na mwenye nguvu fulani: Mturuki, Mwarabu, Mwingereza. Mwanafunzi akiuliza kwa nini polisi wa Uganda ana majina ya ugenini, jibu ni kwamba polisi mwenyewe, kwa umbo tulilomjua, alikuwa mgeni. Katika jamii zetu za asili walikuwako walinzi wa mfalme, wajumbe wa machifu na wazee wa ukoo waliosimamia amani. Lakini jeshi moja la nchi nzima, lenye mkuu mmoja anayetoa amri kutoka makao makuu, halikuwako.

Mwanzo wa jeshi na mkuu wake wa kwanza

Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, wakala wa kampuni ya Waingereza, alikwenda magharibi hadi karibu na Ziwa Albert, akawachukua wanajeshi wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko baada ya Emin Pasha kuondoka. Hao ndio wazazi wa jamii tunayoiita Wanubi hivi leo. Waliwekwa katika ngome mbalimbali, wakawa mkono wa utawala mpya. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kinubi, ambacho ni tawi la Kiarabu, lakini walipochanganyika na watu wa misafara kutoka pwani, Kiswahili nacho kikawaingia.

Mwaka 1897 wanajeshi hao waliasi. Walikuwa wamechoka kwa safari zisizokwisha na kwa mishahara midogo iliyocheleweshwa, wakashika ngome ya Luba huko Busoga, na vita vya kuwazima vikagharimu maisha ya watu wengi. Uasi ule uliwafundisha Waingereza kwamba si salama kulitegemea kundi moja la askari kwa kila kazi. Basi katika miaka ya mwanzo ya utawala uliofuata Mkataba wa 1900, kikosi cha polisi wenye silaha kilitengwa na jeshi la vita, na mwaka 1906 Kapteni W.F.S. Edwards akawa Inspekta Jenerali wa kwanza wa polisi wa Himaya ya Uganda.

Ni vizuri tuikumbuke hali ya kuzaliwa kwa cheo hiki. Edwards alikuwa mwanajeshi, na alichokabidhiwa kilikuwa kikosi cha watu wenye bunduki. Hakuchaguliwa na mtu yeyote wa nchi hii. Aliwajibika kwa Gavana, na Gavana kwa London. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuulinda utawala, na kumlinda mwananchi dhidi ya mwizi kulifuata nyuma. Tangu siku ile, swali kubwa la cheo hiki limekuwa moja: je, anayekikalia ni mtumishi wa sheria au ni mtumishi wa mtawala? Tutaona kwamba bendera zimebadilika mara kadhaa, lakini swali limebaki pale pale.

Kiswahili chafukuzwa shuleni, chabaki kambini

Wakuu wa polisi wa kikoloni, ambao baadaye walikuja kuitwa Makamishna, waliandikisha vijana wengi kutoka wilaya za kaskazini na mashariki. Konstebo Mwacholi aliwekwa bega kwa bega na Mteso, Mlango na kijana wa Nile Magharibi, kisha wote wakapelekwa kulinda miji ya Buganda. Lugha za nyumbani hazikuweza kuwaunganisha, na Kiingereza walikijua wachache. Kiswahili kikawa daraja. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja. Kilikuwa ndugu wa kile Kiswahili cha jeshi la King's African Rifles ambacho watu walikiita "Kikeya": kifupi, kisichojali ngeli, kilichojaa amri.

Wakati huohuo mjadala mkubwa wa lugha ulikuwa ukiendelea. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitoa waraka akitaka Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala wa Uganda. Upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kuupinga mpango huo, na viongozi wa misheni waliokuwa wamezoea kufundisha na kuchapisha vitabu kwa Kiganda nao hawakuupenda. Hatuna haki ya kuwacheka wapinzani hao. Wakati ule palikuwa na mipango ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa Buganda walihofu kwamba muungano huo ungewaweka chini ya masetla wa Kenya. Katika macho yao, Kiswahili kilikuwa mlango ambao ardhi yao ingepitia kwenda mikononi mwa wageni.

Mwisho wake ulikuwa mwaka 1952, serikali ilipokiondoa Kiswahili katika orodha ya lugha za wenyeji zilizotambuliwa, isipokuwa katika polisi. Naomba walimu wenzangu wayasome tena maneno hayo matatu ya mwisho. Kwa uamuzi mmoja lugha ilitolewa darasani, mahali inapofundishwa adabu, mashairi na hadithi, ikaachiwa kambini, mahali inapotumika kuamuru. Mtoto wa mjini aliyezaliwa miaka ile alikisikia Kiswahili kwa nadra kutoka kwa mwalimu, lakini alikisikia kwa askari aliyemwambia "Simama!" au "Toka hapa!" Mama yule wa mkutano wetu hakuibuni hofu yake. Aliirithi.

Hata hivyo, haki itendeke kwa kambi zenyewe. Ndani ya nyumba za polisi za Nsambya na Naguru, nyuma ya ua wa mabati, wake wa askari kutoka makabila mbalimbali walikopeshana chumvi kwa Kiswahili, na watoto wao walicheza na kugombana kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao walikua wakikijua kuliko lugha za baba zao. Kwa hiyo kambi iliyokipa Kiswahili sifa mbaya mitaani ndiyo hiyohiyo iliyokihifadhi wakati shule zilipokisahau.

Uhuru na Erinayo Oryema

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Kamishna wa wakati huo, Mwingereza Michael Macoun, ambaye alikuwa ameshika kazi hiyo tangu 1959, alibaki kuwa mkuu, sasa kwa jina la Inspekta Jenerali. Mwaka 1964 alimkabidhi kiti Erinayo Wilson Oryema, Mwacholi, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hilo. Mwaka huohuo nchini Tanganyika, iliyogeuka kuwa Tanzania, Elangwa Shaidi alishika cheo kama hicho. Ulikuwa wakati wa matumaini. Watu waliona kwamba sasa mkuu wa polisi ni mtu waliyeweza kumwita mwana wa nchi.

Lakini jeshi alilolirithi Oryema lilikuwa na ugumu wake. Katiba ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya pekee pamoja na polisi wake yenyewe, na ugomvi kati ya serikali kuu na Mengo ulizidi kukua. Mnamo Mei 1966 jeshi la vita lililivamia jumba la Kabaka. Mwaka uliofuata Katiba mpya ikazifuta falme. Jambo la kutazamwa hapa ni hili: kadiri wanasiasa walivyozoea kuyatatua magomvi yao kwa jeshi la vita, ndivyo polisi na mkuu wake walivyosogezwa kando. Mkuu wa polisi huwa na nguvu pale sheria inapokuwa na nguvu. Sheria ikiwekwa kando, yeye naye hubaki na sare tu.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Oryema aliondolewa katika polisi, akafanywa waziri. Alitumika katika wizara kwa miaka sita. Kisha tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenziwe Charles Oboth Ofumbi, na wote watatu wakauawa. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Hapakuwa na aliyesadiki. Tangu 2015 tarehe hiyo ni siku ya mapumziko nchini Uganda kwa ukumbusho wa Askofu Mkuu.

Mwana wa Oryema, Geoffrey, alivushwa mpaka akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, akaishia Ufaransa, ambako alikuwa mwanamuziki maarufu hadi alipofariki 2018. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu watafakari picha hiyo: mtoto wa mtu aliyekuwa mkuu wa polisi wote wa nchi hakuweza kuvuka mpaka wa nchi yake ameketi kitini. Pasipo sheria, hata aliyekuwa mlinzi mkuu wa sheria hana pa kukimbilia.

Miaka ya hofu

Wakati wa Amin kiti cha Inspekta Jenerali kilibadilisha wenyewe mara kwa mara, na baadhi yao walikuwa maofisa wa jeshi la vita. Nguvu ya kweli ilihamia kwingine. Huko Nakasero kilikuwako chombo cha ujasusi kilichojulikana kama Ofisi ya Utafiti wa Taifa. Huko Naguru, ndani ya polisi yenyewe, kilikuwako Kikosi cha Usalama wa Umma, ambacho awali kiliundwa kupambana na majambazi wenye silaha, wale waliokuwa wakiitwa "kondo". Watu waliingia mahali hapo wasitoke. Jina lilisema usalama wa umma, na umma wenyewe ukawa ndio usio na usalama. Mwalimu wa lugha anayetaka kuwaeleza wanafunzi jinsi neno linavyoweza kugeuzwa likawa kinyume chake hana haja ya kutafuta mfano wa mbali.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1973, Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa mpenzi wa Kiswahili hilo lingekuwa jambo la kufurahisha, lakini lilikuja kwa amri, bila vitabu, bila walimu, na kutoka kinywa cha mtu ambaye jina lake lilikuwa tishio. Naamini tangazo lile liliidhuru lugha kuliko kuisaidia. Lilimthibitishia raia kile alichokuwa akikidhani tangu zamani, kwamba Kiswahili ni sauti ya mwenye bunduki.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 mbele ya wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nao. Wazee wetu husimulia mshangao wao wa kumsikia askari akisema "shikamoo" na "tafadhali mama, naomba maji". Kiswahili kilekile kilikuwa na uso mwingine ambao wengi hawakuwa wameuona. Bahati mbaya nafasi hiyo haikudumu. Katika vita vya miaka ya mwanzo ya 1980, misako ya kuwazoa watu mitaani na kuwapakia katika malori ilipewa jina la Kiswahili: "panda gari". Maneno mawili mepesi ambayo mwalimu angeweza kuyatumia katika somo la kwanza yakawa maneno ya kilio. Hata leo, nikiyaandika ubaoni, nakumbuka kwamba nyumbani kwa mwanafunzi fulani huenda yuko babu ambaye hapendi kuyasikia.

Katiba ya 1995 na kiti chenye mipaka

Baada ya 1986 serikali mpya ilianza kulijenga upya jeshi la polisi. Sheria ya Polisi ilitungwa 1994, na Katiba ya 1995 ikaweka msingi. Ibara ya 211 yasema kwamba polisi wawe wa kitaifa, wazalendo, wenye ujuzi, nidhamu na uwezo, na watu wa tabia njema. Ibara ya 212 yataja kazi zao: kulinda maisha na mali, kuhifadhi sheria na utulivu, kuzuia na kupeleleza uhalifu, na kushirikiana na mamlaka ya kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa jumla. Ibara ya 213 yamhusu mkuu mwenyewe. Inspekta Jenerali na Naibu wake huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Katika kazi zake yuko chini ya sheria za Uganda, ila katika mambo ya sera Rais aweza kumpa maelekezo. Rais pia aweza kumwondoa.

Tazameni jinsi ibara hiyo ilivyojaribu kupima mizani. Edwards wa 1906 alikuwa chini ya Gavana peke yake. Mkuu wa leo ana mabwana wawili: sheria na Rais, na neno linalowatenganisha ni "sera". Je, mkutano wa hadhara wa chama cha upinzani ni jambo la sera au la sheria? Hapo ndipo magomvi mengi yalipozaliwa.

Mwaka 1999 Tume ya Jaji Julia Sebutinde iliundwa kuchunguza rushwa na maovu ndani ya polisi. Wananchi walifuata habari zake kwa hamu, maana kwa mara ya kwanza waliwaona maofisa wakubwa wakiulizwa maswali hadharani. Baada ya hapo, mwaka 2001, Rais alimteua Katumba Wamala, jenerali wa jeshi la vita, kuwa Inspekta Jenerali. Alipoondoka 2005 akafuatwa na jenerali mwingine, Kale Kayihura, aliyekaa miaka kumi na mitatu. Kwa muda wa takriban miaka kumi na saba, basi, polisi waliongozwa na wanajeshi. Waliowatetea walisema nidhamu ya jeshi ndiyo dawa ya rushwa. Waliowapinga walisema mwanajeshi amefunzwa kumtafuta adui, na raia si adui.

Wakati wa Kayihura jeshi la polisi lilikua kwa idadi na kwa zana. Ndiyo pia miaka ya moshi wa kutoa machozi, hasa katika maandamano ya 2011 ya kutembea kwenda kazini, ambayo watu waliyafanya kulalamikia kupanda kwa bei za vyakula na mafuta, na ambamo baadhi yao waliuawa. Machi 2018 aliachishwa kazi, Juni akakamatwa, na Agosti akashitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mashitaka hayo yaliondolewa 2023. Nafasi yake ilichukuliwa na Martin Okoth Ochola, polisi wa kazi tangu ujana, ingawa naibu aliyeteuliwa pamoja naye alitoka jeshini. Mei 2024 aliteuliwa Abas Byakagaba, naye mtu aliyepanda ngazi ndani ya polisi.

Pamoja na hayo, mahakama nazo zilisema neno lao. Tarehe 27 Mei 2008 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichompa Inspekta Jenerali uwezo wa kukataza mkutano kwa kudhani tu kwamba ungeleta fujo. Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma mwaka 2013, ambayo wengi waliona imeurudisha uwezo uleule kwa mlango wa nyuma, na Machi 2020 Mahakama hiyo ikakibatilisha kifungu chake cha 8. Raia waliokwenda mahakamani hawakuwa na silaha. Walikuwa na karatasi, na juu ya karatasi palikuwa na maneno. Hilo ni funzo zuri kwa wanaotudharau sisi tunaoshughulika na maneno.

Jirani zetu

Si Uganda peke yake inayolihangaikia jambo hili. Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, iliandika Katiba ya 2010 ambayo iliondoa jina la Kamishna na kuweka Inspekta Jenerali. Ibara ya 245 yampa kipindi kimoja cha miaka minne, na yakataza mtu yeyote kumwelekeza achunguze kosa gani au amfuate nani. David Kimaiyo, aliyeshika cheo Desemba 2012, alikuwa wa kwanza chini ya utaratibu huo, naye alistaafu Desemba 2014 kabla ya muda wake kwisha. Inaonekana kwamba maandishi mazuri ni mwanzo mwema, lakini hayatoshi. Mzee mmoja hupenda kuniambia kwamba ua haulindi shamba usiku, humkumbusha tu mwizi kwamba shamba lina mwenyewe.

Yatupasayo walimu

Turudi sasa kwa mama wa mkutano wetu. Leo ningemjibu hivi: mama, umesema kweli. Kiswahili kiliachwa kwa askari kwa makusudi mwaka 1952, na askari naye aliwekwa chini ya mkuu asiyewajibika kwako. Lugha haikuchagua kazi hiyo. Ikiwa tunataka sauti hiyo ibadilike, hatuna budi kuitoa lugha kambini na kuirudisha darasani, na pengine kuupeleka mlango wa darasa hadi kambini.

Nafasi tunayo. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Polisi wenyewe wanakihitaji, maana mpaka wetu na Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini hauna lugha nyingine inayoufaa zaidi.

Napendekeza mambo mawili madogo. La kwanza ni la sarufi. Wanafunzi wetu wengi wanaotoka mitaani wanajua umbo moja tu la kitenzi, la kuamuru: "leta", "toa", "kuja". Tuwape zoezi la kuzigeuza amri za barabarani ziwe maombi, kwa kutumia lile umbo linaloishia kwa e: "Toa kitambulisho" iwe "Tafadhali nionyeshe kitambulisho chako", "Kuja hapa" iwe "Naomba usogee karibu". Nimelifanya zoezi hili darasani kwangu. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni koplo, alisoma mifano yote kisha akaniuliza: "Mwalimu, kumbe askari anaweza kusema hivi akaendelea kuwa askari?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba sheria humtaka awe hivyo.

La pili ni kwamba vyama vyetu vya walimu viandike kijitabu chepesi cha Kiswahili cha kituoni: namna ya kumpokea mlalamikaji, kumwandikia maelezo yake, kumweleza mshukiwa haki zake, kumfariji aliyefiwa. Neno la kwanza katika kijitabu hicho liwe "Karibu", na sentensi ya pili iwe "Keti, tukusikilize". Mkuu yeyote atakayekuwa kitini wakati huo, tumpelekee nakala.

Sidai kwamba kijitabu kitafanya kazi ya Katiba, wala kwamba konstebo mwenye adabu ya maneno hawezi kumpiga mtu. Lakini nimefundisha miaka ya kutosha kujua kwamba anayelazimika kumwomba mwenzake kitu kwa maneno kamili hupata, japo kwa nukta moja, nafasi ya kumwona kuwa ni mtu. Mama yule sijakutana naye tena. Mwanawe alifaulu mtihani wake wa Kiswahili, na nilipomwona mara ya mwisho mjini alinisalimu "shikamoo mwalimu" mbele ya watu, kwa sauti, bila aibu.